Mustang ya 1965 na magari mengine ya zamani ya Marekani: kagua bati na namba kabla ya injini

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Kila mwaka theluji inapoyeyuka hapa Columbus, Ohio, hupokea simu za ndugu zetu waishio Marekani ambao wameona tangazo la Mustang, Impala au Cadillac ya zamani, wamevutiwa na rangi na bei, na wanataka niwaambie kama injini yake inafaa. Huwa nawajibu kwamba injini tutaizungumza mwisho. Nimeshanunua Mustang mbili za mwaka 1965, na ya kwanza ilinitia hasara kubwa kwa sababu nilianzia kwenye injini. Kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu namna ninavyokagua gari la aina hii siku hizi, ili anayetaka kununua au kuuza apate pa kuanzia.

Natumia Mustang kwa sababu ndiyo ninayoijua, na ndiyo wengi huanza nayo. Ford waliizindua tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ikianzia dola 2,368, na kufikia Machi 1966 walikuwa wameshaunda milioni moja. Ndiyo maana hadi leo zinapatikana kwa wingi, na vipuri vyake karibu vyote vinatengenezwa upya: mazulia, viti, taa, nyaya, hata bodi nzima ya bati jipya kwa kibali cha Ford wenyewe. Anayependa Buick au Oldsmobile ya miaka ileile hana nafasi hiyo. Huyo ahakikishe mapambo ya kromu, vioo na taa vimekamilika kabla hajatoa fedha, kwa maana injini ataipata, lakini ukanda mmoja wa kromu wa mlangoni unaweza kumzungusha miaka miwili.

Sasa kwa nini naanza na bati? Mustang haina chasisi iliyo peke yake kama lori au pikapu. Sakafu, kuta za pembeni na mihimili ya chini vimechomelewa pamoja, na hayo mabati ndiyo yanayobeba injini, magurudumu na abiria. Kutu ikiingia humo, imeingia kwenye uti wa mgongo wa gari. Injini, kwa upande wake, hufungwa kwa bolti chache. Ikichoka, fundi mzoefu huitoa kwa siku moja, na vipuri vya V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 289 vimejaa madukani. Majimbo ya kaskazini kama Ohio, Michigan na Minnesota humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo imekula magari ya zamani kuliko ajali zilivyoyala. Ndiyo sababu watu husafiri hadi Arizona na New Mexico kutafuta gari ambalo rangi imepauka na viti vimepasuka kwa jua, ilhali bati lake la chini ni zima.

Gari langu la kwanza lilikuwa jekundu, la milango miwili, na liling'aa kiasi kwamba uliweza kuona uso wako kwenye boneti. Nililinunua katika yadi moja ambayo sitaitaja. Muuzaji aliliwasha, likanguruma vizuri, tukazunguka nalo mitaa michache, nikalipa siku ileile. Wiki ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilipokanyaga klachi, soksi ya mguu wa kushoto ililowa chapa. Nilipofunua zulia nilikuta bati jipya limepigwa ribiti juu ya bati bovu, pembeni pamezungushiwa lami nyeusi, na kidole changu kikapita hadi nje.

Kilichotokea kinajulikana kwa kila fundi wa Mustang. Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna matundu ya kuingizia hewa ndani ya gari. Chini ya matundu hayo kuna bakuli la bati lililofungwa pande zote, ambalo hupokea maji ya mvua na kuyatoa pembeni. Kiwanda hakikulipaka rangi ya kutosha kwa ndani. Majani makavu yakijaa humo, unyevu hukaa, kutu hutoboa, na maji hudondokea miguuni mwa dereva na abiria. Kulitengeneza ni kazi nzito, kwa kuwa lazima ufungue boneti, madigadi na kioo cha mbele, kisha utoboe vichomeleo vidogo vingi kimoja kimoja. Fundi bodi aliyenikadiria alitaja kiasi kilichozidi bei niliyolinunulia. Nililiuza kwa mtu aliyehitaji vipuri, nikamwonyesha kila tundu.

Tangu siku hiyo huenda kukagua gari nikiwa na jagi, tochi, sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa laini, na bisibisi butu. Kwa idhini ya mwenye gari, namimina jagi la maji polepole kwenye matundu yale, upande wa kulia na wa kushoto, huku mwenzangu akiangalia chini ya dashibodi kwa tochi. Maji yakitokea ndani, bei ya gari hilo imebadilika, hata kama limepakwa dhahabu. Sumaku naipitisha sehemu za chini za madigadi ya nyuma na milango. Inapokataa kushika, hapo pana puti nene, yaani kijazio cha kuzibia bati bovu. Kisha nalala chini. Natazama mihimili miwili ya mbele, hasa ule ulio chini ya betri, kwa maana asidi ya miaka mingi imedondokea hapo. Natazama vile visanduku vya bati vinavyounganisha mihimili hiyo na kingo za chini ya milango. Ndani ya sehemu ya injini natazama minara ya bati inayobeba springi na shokapu, kama imepasuka karibu na vichomeleo. Kwa gari la paa la kukunja naongeza kipimo kimoja: nalinyanyua kwa jeki kwa uangalifu, kisha nafungua na kufunga milango. Mlango ukigoma kufunga, bodi inapinda.

Baada ya bati ni namba. Magari ya leo yana namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, lakini utaratibu huo ulianza mwaka 1981. Mustang ya 1965 ina 11 tu, na anayejua kuzisoma hupata habari nyingi. Chukueni namba 5F08F100001, ambayo ni ya Mustang maarufu yenye namba ya kwanza. Tarakimu 5 ni mwaka wa modeli, 1965, ingawa gari lenyewe liliuzwa 1964. Herufi F inayofuata ni kiwanda cha Dearborn, Michigan. Ingekuwa R ni San Jose, California, na T ni Metuchen, New Jersey. Namba 08 ni paa la kukunja. 07 ni paa gumu la kawaida, na 09 ni paa linaloteremka hadi nyuma. F ya pili ni injini, V8 ya inchi 260. Tarakimu zilizobaki ni zamu ya gari hilo katika mlolongo wa uzalishaji. Gari lenyewe ni jeupe, na lilipelekwa St. John's, Newfoundland, likauzwa mwezi Aprili 1964 kwa rubani wa ndege aitwaye Stanley Tucker kabla kiwanda hakijatambua kilichotoka mikononi mwao. Rubani huyo alikaa nalo kama miaka miwili, na mwaka 1966 akakubali kulirudisha kwa Ford, akapewa Mustang mpya. Leo liko katika jumba la makumbusho la The Henry Ford, Dearborn.

Herufi ya injini ndiyo inayotenganisha bei, na ndiyo inayodanganyiwa watu. Katika modeli ya 1965, T ni injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 120, C ni V8 ya farasi 200, A ni V8 ya farasi 225, na K ni ile adimu ya farasi 271. Kifurushi cha GT, ambacho kilikuja mwezi Aprili 1965 na taa za ukungu kwenye grili na ekzosi zinazotokea kwenye bati lililo chini ya bampa ya nyuma, kiliuzwa kwa magari ya A na K peke yake. Basi mtu akikuonyesha GT ya 1965 na herufi ya injini kwenye namba yake ni C au T, hilo limegeuzwa GT baadaye, na lilipiwe kama gari lililogeuzwa. Si dhambi kuligeuza; kosa ni kuficha.

Kuna alama nyingine ambayo haihitaji kitabu. Mustang za silinda sita za miaka hiyo zilitoka kiwandani na nati nne kwenye kila gurudumu, na za V8 zilitoka na nati tano. Ukifungua boneti ukakuta V8, kisha ukahesabu nati nne, umepata gari ambalo mtu aliliongezea nguvu akaliachia breki na ekseli za injini ndogo. Hilo nakuomba uliache, au upange bajeti ya kulibadilisha kabla ya kulipeleka barabara kuu.

Namba halisi imegongwa kwenye bati la ndani la digadi ya mbele upande wa dereva, na huonekana ukifungua boneti. Kibao cha mlangoni kinarudia namba hiyo pamoja na alama za rangi, upambaji wa ndani na tarehe ya kuundwa, ila vibao vya aina hiyo vinatengenezwa vipya na kuuzwa, kwa hiyo kisikutoshe peke yake. Vyote viwili, pamoja na hati ya umiliki, visomeke sawasawa herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa kwenye hati, utasumbuka katika ofisi ya usajili ya jimbo lako, na bati lenye namba likionekana limekatwa na kuchomelewa upya, ondoka; kuchezea namba ya gari ni kosa la jinai. Kwa Ford za kuanzia 1967 unaweza kununua ripoti ya Marti, ambayo hutolewa kutokana na kumbukumbu za uzalishaji za kiwanda na kueleza gari liliagizwa na vitu gani. Kwa 1965 na 1966 kumbukumbu hizo hazipo, na ndiyo sababu nasisitiza tusome bati.

Kila kampuni ina lugha yake. Chevrolet Chevelle SS ya 1966 hadi 1968 hutambulika kwa namba inayoanza na 138, lakini kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha nyongeza na namba haikuambii tena kama gari ni SS. Pontiac GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa kifurushi juu ya modeli ya LeMans. Kuanzia 1966 ndipo ikapata namba yake inayoanza na 242. Mnunuzi ajifunze mwaka wake mahsusi, asitegemee kwamba kinachofaa kwa mwaka mmoja kinafaa kwa mwaka unaofuata.

Jambo la mwisho kwa leo ni rangi mpya. Wengi wetu tumezoea kwamba gari lililopigwa rangi upya lina thamani zaidi, na kwa gari la kutumia kila siku ni kweli. Katika magari haya, rangi ya kiwandani iliyochakaa inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko rangi mpya, kwa sababu ndiyo ushahidi kwamba bati lililo chini yake halijaguswa. Mwezi Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, Mustang ya 1968 iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ilinadiwa kwa dola milioni 3.4, na pamoja na kamisheni ikafika milioni 3.74. Familia iliyoiuza ilikuwa imeinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jaridani, wakaitumia kama gari la kawaida la nyumbani. Haikuwahi kukarabatiwa ikawa mpya. Ilipanda mnadani ikiwa na kijani chake kilichochakaa na mikwaruzo yake. Bila shaka jina la mwigizaji lilichangia sehemu kubwa ya bei ile, lakini naamini kama wangeipiga rangi mpya wangefuta sehemu ya kile kilichokuwa kinanunuliwa.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi niko Nairobi na nina biashara ya kukodisha magari ya harusi. Nilikuwa nafikiria ninunue Mustang au Cadillac huko, niisafirishe hadi Mombasa. Pia ningependa kujua kama haya magari kweli yanafaa kuendeshwa, au ni ya kupigia picha tu.

Mleta mada

Kaka, asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Sheria ya kawaida ya Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza, na gari lenye usukani wa kushoto nalo linazuiliwa isipokuwa kwa shughuli maalumu. Kwa hiyo usitume hata dola moja mpaka umepata jibu la maandishi kutoka mamlaka zinazohusika. Nakushauri umtafute mwenye gari la aina hiyo ambalo tayari limo nchini na lina namba za Kenya, uzungumze naye kuhusu kulikodi.

Kuhusu kuendesha, yanafaa kabisa, ila yanataka dereva anayeyaelewa. Gari langu la pili, ambalo ndilo nililonalo, ni jeupe la silinda sita, lilitoka New Mexico likiwa limepauka kama chaki. Breki zake ni za dramu magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yanatoka kwenye chungu kimoja. Paipu moja ikipasuka popote, umepoteza breki zote. Ford waliweka mfumo wa vyungu viwili kuanzia modeli ya 1967, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichobadilisha, nikahifadhi kile cha zamani kwenye sanduku kwa ajili ya mmiliki ajaye. Mikanda ni ya kiunoni tu. Petroli ya siku hizi huku huchanganywa na ethanoli, nayo hulainisha mipira ya zamani, kwa hiyo nilibadilisha paipu zote za mafuta, na gari linapolala kipindi cha baridi natia dawa ya kutunza petroli kwenye tangi.

Kisha napata raha ambayo siwezi kuipata kwenye gari jipya. Usukani wake ni mwembamba, mkubwa, unaushika kwa vidole. Spidomita ya 1965 ya kawaida ni ndefu ya kulala, na mshale wake mwekundu unatembea kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Ukifungua vile vioo vidogo vya pembetatu mbele ya madirisha, upepo unakupiga kifuani bila kelele. Nimelipeleka mara mbili Woodward Dream Cruise, matembezi ya magari ambayo tangu 1995 hufanyika kila Jumamosi ya tatu ya Agosti kwenye barabara ya Woodward inayotoka Detroit kuelekea Pontiac. Ni kama maili 200 kutoka kwangu. Pale wazee waliofanya kazi viwandani hukaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara, na gari likipita wanakutajia mwaka wake kabla hujasimama.

Mchangiaji wa pili

Kaka, habari. Niko Minneapolis. Marehemu mume wangu aliacha Mustang ya 1966, namba yake ina herufi C, rangi ya buluu imeanza kububujika kwenye madigadi ya nyuma. Jirani ananiambia niipige rangi kwanza ndipo niiuze, mwingine anasema niipeleke mnadani. Naomba ushauri wako.

Mleta mada

Dada, pole sana kwa msiba.

Usiipige rangi. Rangi nzuri itakugharimu fedha nyingi ambazo huenda usizirudishe, na rangi ya bei nafuu itamfanya mnunuzi ashuku kwamba kuna kitu kimefichwa. Mabubujiko yale ni kutu inayotoka ndani, na mnunuzi anayejua atapendelea kuyaona yalivyo. Osha gari, fagia ndani, kisha piga picha nyingi mchana wa mawingu: pande zote nne, sakafu zulia likiwa limefunuliwa, buti likiwa tupu, namba iliyogongwa kwenye bati, kibao cha mlangoni, na chini ya gari lote. Picha za chini ndizo zitakazokuletea watu wa kweli. Andika wazi kwamba ni C, V8 ya farasi 200, na utaje kila kasoro unayoijua.

Mnada una faida kwa gari adimu au lenye historia. Kwa gari la kawaida la C, kumbuka kuna ada ya kuingiza, kuna kamisheni, na usipoweka bei ya chini kabisa unayoikubali, nyundo inaweza kugongwa kwa kiasi kitakachokuuma. Ningeanza na matangazo ya kawaida na chama cha wenye Mustang cha jimbo lenu, kwa sababu humo wamo watu wanaotafuta gari la kufanyia kazi wenyewe.

Kabla ya tangazo, angalia hati ya umiliki imeandikwa jina la nani. Kama bado ni jina la marehemu, nenda kwanza ofisi ya usajili uulize utaratibu wa mirathi katika jimbo lenu, kwa maana mnunuzi makini hatalipa bila hati safi. Siku ya kuuza, kutaneni ndani ya benki ya mnunuzi. Hundi za benki za kughushi ni nyingi, na ukiwa pale dirishani unaona fedha zinavyotoka. Usimpe mtu hati kwa ahadi. Andikianeni mkataba wa mauziano wenye tarehe, namba ya gari na kiasi, kila mmoja abaki na nakala, kisha uijulishe ofisi ya usajili siku hiyohiyo kwamba gari si lako tena.

Tafuta pia kila karatasi aliyoiacha: risiti za matairi, kitabu cha gari, barua, picha alizopiga nalo. Ziweke kwenye bahasha moja, kwa kuwa mnunuzi wa gari la zamani huzithamini sana. Kama kuna picha unayoipenda, itolee nakala ubaki na ya kwanza. Na uangalie funguo. Mustang ya miaka hiyo ina funguo mbili tofauti, mmoja wa swichi na milango, mwingine wa buti, na huo wa pili ndio hupotea. Pengine bado uko kwenye droo ya vifaa vyake gereji.